Waketisheni Kwanza, Ndipo Mpakue

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa vijana katika kanisa letu la Tudor, Mombasa. Mwezi uliopita tulipika wali na maharagwe ya nazi, tukavipakia kwenye pikapu hadi Mwembe Tayari kuwagawia watu wanaolala nje. Tulipikia watu 80, wakaja kama 200. Palikuwa na msukumano, watoto wakakanyagwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaangushwa. Chakula kilikwisha, wengine wakatutukana. Usiku tukasikia kuna waliotapika. Sasa wazee wa kanisa wamegawanyika. Baadhi wanasema tuache kabisa, wengine wanataka tuendelee, ila tuhubiri kwanza ili wabaki wenye nia tu. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwa yule mama aliyeanguka nasita kuendelea. Nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi hapa Pwani, na tangu nistaafu nahudumu kwenye jiko la kanisa letu linalowapikia watu wa mitaani. Nitakujibu kwa mambo yote mawili, sufuria na watu.

Msiache. Lakini msigawe tena kutoka nyuma ya pikapu, hata siku mtakayokuwa na chakula cha kuwatosha wote 200.

Fikiria pale ulipokuwa umesimama wewe, kisha fikiria alipokuwa amesimama yule mama. Wewe uko juu, unaiona sufuria na unajua kilichobaki. Yeye yuko chini, nyuma ya migongo ya watu, haoni kitu isipokuwa mkono unaoshuka na sahani. Akisikia upawa unakwaruza ukoko anajua mwisho umekaribia. Atafanya nini? Atasukuma. Mtu mwenye njaa anayesukuma hajakosa adabu, amepiga hesabu sahihi kwa yale anayoyaona. Na wanaoshinda kwenye kusukumana ni vijana wenye nguvu, ambao pengine asubuhi wangepata kibarua cha kubeba magunia Marikiti. Wanaoshindwa ni mzee, kiwete, mtoto na mama aliyebeba. Kwa hiyo ule mpangilio wenu ulichagua wa kula, na ulichagua vibaya, ingawa nyinyi wenyewe hamkukusudia.

Dawa yake wazee wenu wameisoma mara nyingi. Katika Marko sura ya 6, kabla mkate haujamegwa, Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wawaketishe watu. "Wakaketi safu safu, hapa mia hapa hamsini." Tumezoea kuukimbilia muujiza na vile vikapu kumi na viwili, tukaupita mstari huo. Mimi ndio ninaousimamia kuliko yote. Mtu aliyeketi anajua amehesabiwa. Hana haja ya kusukuma, kwa sababu nafasi yake ni yake na sahani itamfuata alipo.

Tafuteni basi mahali penye geti na kivuli, iwe ukumbi wa kanisa, uwanja wa shule siku ya mapumziko, au ua wa muumini aliye karibu na mjini. Ikiwa kanisa lenu liko mbali na wanapolala watu, liombeni kanisa lililo karibu nao liwaazime ukumbi. Tandikeni majamvi au pangeni mabenchi, na kila jamvi liwe la watu sita. Mkiwa na majamvi kumi mna watu 60, na hao 60 ndio wageni wenu kwa miezi mitatu ya mwanzo. Najua 60 ni wachache. Hesabu ya familia za mitaani iliyofanywa nchini mwaka 2018 ilipata watu 46,639, na Mombasa ikawa ya pili baada ya Nairobi kwa watu 7,529. Hakuna sufuria ya kanisa itakayoifikia hesabu hiyo. Ila watu 60 wanaojua kwamba kila wiki, siku ileile na saa ileile, nafasi yao ipo, wanaweza kuupanga mlo wenu katika maisha yao. Chakula cha siku moja kwa watu 200 hakipangiki, kinapita kama mvua ya kiangazi.

Utaniuliza hao 60 watapatikanaje bila fujo kuhamia getini. Kwa kuwaendea. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya chakula, watu wanne wenu, wawili wanawake, wazunguke kwa miguu walipo watu: baraza za maduka ya Digo Road, pembeni mwa Marikiti, hapo hapo Mwembe Tayari. Wabebe kadi zenye namba na daftari. Kadi apewe mtu mkononi, na jina lake liandikwe vile anavyotaka kuitwa. Msidai kitambulisho; wengi hawana, na swali hilo litawafanya wawaone nyinyi kama askari. Anzeni na wanawake, watoto na wazee, ndipo vijana. Kadi za watoto ziwe na alama ya pekee, kwa maana bila hivyo wakubwa watawanyang'anya. Na kadi zikiisha, mwambieni mtu ukweli hapo hapo kwamba zimekwisha, kisha jina lake liandikwe wa kwanza kwa nafasi itakayoachwa wazi. Nimeona watu wakikubali neno hilo kwa utulivu usioutegemea, mradi nafasi ikipatikana ulitimize.

Getini wekeni mtu mpole mwenye subira. Watu wengi huweka mwenye misuli, nao hukosea.

Kila jamvi liwe na mwenyeji wake mmoja, mshirika wa kanisa, ambaye anaketi na kula chakula kile kile. Sharti hili msilipunguze. Mwenyeji anayekula ataonja kama maharagwe yameiva, ataona nani hawezi kutafuna, nani anakohoa, nani ameficha nusu ya wali kwa ajili ya mwenzake asiyeweza kutembea. Kwetu Pwani sinia moja ndiyo ishara ya udugu, lakini hapa kila mtu awe na sahani yake na kijiko. Kwenye sinia mwenye mkono mwepesi hula ya wenzake, na vidonda vya mikono ni vingi.

Halafu kunawa. Siku zetu za mwanzo tulileta kila kitu tukasahau maji ya mikono. Mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli bandarini Kilindini aliwekewa sahani mbele yake, akakaa ameinyoosha mikono hewani, akingoja. Sikumwelewa mpaka mama mmoja wa kanisa alipokimbia kuleta birika na beseni, akamnawisha. Alikuwa anangoja kufanyiwa kile ambacho kila mgeni wa nyumba ya Kiswahili hufanyiwa. Nilikuwa nimewahi kufundisha kunawa mikono kwenye vijiji visivyohesabika, na siku ile niliona aibu. Tangu hapo tuna ndoo za mfereji na sabuni getini kwa wote, na birika kwa wazee na wasiojiweza.

Sasa tumbo. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mnapoweza kumdhuru mtu mkidhani mnamsaidia.

Unasema mlipika wali na maharagwe ya nazi, mkasafirisha, mkagawa kwenye joto. Kila mama wa Mombasa anajua kwamba kitu chenye tui huchacha upesi. Mbaazi za nazi zilizopikwa alfajiri na kuliwa na mahamri saa mbili asubuhi ni neema, lakini hizo hizo zikikaa kwenye sufuria iliyofunikwa hadi alasiri ni hatari. Kwa chakula cha kusafirisha acheni nazi kabisa, tumieni nyanya, kitunguu na mafuta kidogo. Nazi iwe ya siku mnayopika na kulisha pale pale.

Wali nao una hila yake. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa vuguvugu, mbegu huchipua na kuacha sumu ambayo haitoki hata ukiupasha moto tena. Sumu hiyo humtapisha mtu ndani ya saa chache, kati ya moja na sita. Waulize waliotapika ni muda gani ulipita tangu wale. Ikiwa ni jioni ile ile, wa kwanza kumshuku ni wali wenyewe au yale maharagwe. Kanuni mliyonayo ni hii: chakula kilichopikwa kiwe moto wa kuunguza, nyuzi 60 kwenda juu, au kiwe baridi ya friji, chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo kisikae zaidi ya saa mbili, na kwa joto letu la Februari na Machi mimi sikubali hata saa moja. Pikeni siku hiyo hiyo. Kupika Jumamosi usiku ili kuliwa Jumapili mchana, msithubutu, hata kama mnadhani mnajirahisishia kazi. Sufuria ikishuka motoni ifunikwe, izungushiwe mablanketi, iwekwe ndani ya kikapu kikubwa, na ifunguliwe mbele ya waliokwisha kuketi.

Maharagwe mekundu yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu. Mpishi wa kujitolea anayeogopa gesi kuisha akayapika kwa moto mdogo tangu mwanzo, atawaumiza watu kwa maharagwe yanayoonekana yameiva.

Kwa wageni 60 na wenyeji 10, kilo 8 za mchele na kilo 5 za maharagwe makavu zinatosha sahani ya kushiba. Ongezeni mchicha au sukuma na chungwa moja moja. Maji ya kunywa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kipindupindu tumekiona mji huu zaidi ya mara moja. Vyombo vioshwe kwa mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuzia na la maji ya dawa. Msifunge chakula kwenye mifuko ya plastiki, ambayo ni marufuku Kenya tangu 2017. Mwenye kutaka kumpelekea mgonjwa aje na chombo, au mwazimeni.

Halafu makombo. Mtaanza kusikika, na watu wa harusi na hoteli watawapigia simu usiku wakitaka kuwaletea pilau iliyobaki. Pokeeni tu chakula ambacho hakijafika mezani, kilichopikwa siku hiyo na bado ni moto, tena kama mnaweza kukila nyinyi wenyewe. Kingine kataeni kwa heshima. Mgeni uliyemketisha hapewi makombo.

Mwiteni bwana afya wa eneo lenu aje alione jiko kabla hamjaanza. Wapishi wapimwe wapate cheti cha afya, ambacho hurudiwa kila miezi 6. Mwambieni chifu pia, na mzee wa mtaa. Hili ni jambo la mchana mmoja, msiliogope.

Nije kwenye lililowagawa wazee, mahubiri. Hoja yao ina uzito, na mzee aliyesoma vizuri atawaambia kwamba katika Marko 6 Yesu alifundisha kwanza, chakula kikaja jioni. Ni kweli. Lakini angalia umati ule ulikuwa nani. Walimfuata kwa miguu toka mijini mwao kwa kutaka kumsikia, na njaa ikawakuta huko huko. Hakuna aliyeambiwa akae kwenye mahubiri ndipo ale. Watu wenu wa Mwembe Tayari wanakuja kwa njaa. Ukiweka mahubiri kati ya mtu na sahani umelifanya neno kuwa ushuru, naye atalipa kama anavyolipa ushuru wowote, kwa uso uliokunjwa huku moyo uko kwingine. Wenye nia hutawajua kwa njia hiyo. Utawajua wenye njaa kali zaidi.

Tena hapa ni Mombasa. Katika 60 wenu, si wachache watakaokuwa Waislamu. Wakijua kwamba kwenu mtu halipi kwa dini yake, watakuja bila woga. Wakishuku vinginevyo, watakaa mbali na njaa yao, na jirani zenu wa msikitini watakuwa na haki ya kuwaangalia kwa jicho baya. Nyama, mkiipata, inunuliwe kwa mchinjaji wa halali, na hilo litamkwe wazi siku ya kwanza. Nendeni mkamsalimie imamu wa msikiti wa karibu mapema, kabla ya mtu kumpelekea maneno. Mtajifunza kitu kwake pia, maana Ijumaa katika mji huu sadaka hutoka nyingi, na kupika siku hiyo ni kumimina maji baharini. Jumapili, maduka mengi ya katikati ya mji yakiwa yamefungwa na vibarua ni haba, ndiyo siku ya njaa. Hata hivyo waulizeni wenyewe siku ipi ni ngumu kwao. Na Ramadhani ikifika, sogezeni chakula hadi magharibi, tende na uji vitangulie.

Kwetu sisi hufanya hivi. Watu wakishaketi, mmoja husema sala fupi ya kushukuru, sentensi tatu. Watu hula. Baadaye anayetaka kuombewa au kuzungumza hubaki, na kuna mchungaji ameketi pembeni kwenye benchi. Wapo wanaobaki. Wapo waliokula mwaka mzima wasibaki hata siku moja, na sahani zao hazijapungua. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 43, inamhesabia kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kanisa lisiwe na masharti magumu kuliko serikali. Wasomee wazee Mathayo 25:35, "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula," kisha waulize ni sharti gani linalofuata hapo. Hakuna.

Watoto wana mlango wao. Wengi watakuja na chupa ya gundi kifuani. Gundi huifisha njaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuinusa, kwa hiyo kumfukuza mtoto kwa ajili ya chupa ni kumrudisha kwenye ile ile. Mwambieni hainuswi jamvini, mkalisheni karibu na mama mwenye sauti tulivu, mpeni chakula. Mtoto asiachwe peke yake na mshirika mmoja, hata awe shemasi; wawe wakubwa wawili daima, mahali pa wazi. Asichukuliwe nyumbani kwa mtu kwa huruma. Sheria ya Watoto ya 2022 imemweka afisa wa watoto kwa kazi hiyo, na simu 116 hupigwa bure mchana na usiku. Mtoto akisema nyumbani ni Likoni au Kisauni na anataka kurudi, msimpandishe matatu tu mkadhani mmemaliza. Kilichomtoa huenda kingali kinamngoja mlangoni.

Picha msipige. Najua vijana mtataka kuwaonyesha wafadhili. Pigeni sufuria, majamvi, mikono yenu inayokatakata mchicha. Nyuso za wageni wenu ziacheni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana, na hata isingekuwapo, hakuna anayemwalika mtu mezani kisha akamtangaza kwa umaskini wake.

Baada ya wiki sita au saba mtaanza kuona yale ambayo pikapu isingewaonyesha kamwe. Daftari litawaambia nani hakuja. Mwenyeji wa jamvi atajua kwamba mtu wa namba fulani anakohoa sasa wiki ya tatu, naye apelekwe kupimwa kifua kikuu, ambacho dawa zake ni bure katika vituo vya serikali na humezwa kwa miezi 6. Anayetumia unga, yaani heroini, na amechoka, ipo kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya unga huo, kule Kisauni, asindikizwe na mtu anayemwamini. Na ukimkuta aliyekaa siku nyingi bila kula kabisa, usimjazie sahani. Mwili uliokauka hivyo unaweza kuzidiwa na chakula kingi cha ghafla hata kuua. Apewe uji kidogo kidogo na apelekwe Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, siku hiyo hiyo.

Kuhusu fedha, msianze mpaka mmeweka akiba ya kulisha wiki nane bila mchango mpya. Wiki moja mkikosa, watu 60 watakaa getini na kadi zao, na maelezo yenu hayataliwa.

Kabla ya hayo yote kuna safari moja. Wiki hii rudini Mwembe Tayari bila sufuria, watu wanne, pamoja na mmoja wa wale wazee wanaotaka muache. Mtafuteni yule mama. Wauzaji chai wa pale watamjua. Mwangalieni mtoto kama ana jeraha, mpelekeni kituo cha afya ikihitajika, na mwombeni radhi kwa kinywa chenu, mbele ya walioona. Watafuteni na waliotapika. Kisha mwambieni mama huyo kwamba mnapanga upya, mmuulize yeye angewaketisha watu wapi, na saa ngapi. Mkimpata akiwa tayari kusema, mwandikieni kadi namba moja.